Mwenye Ala Ile

Royce Tackett alivuta tumbo ndani, akaichomeka kiunoni ala ya bastola isiyo yake, akajitazama kwenye kioo cha duka. Ilimbana vibaya. Ukingo wa ngozi ulimchoma chini ya kitovu, na kila alipovuta pumzi ulimchoma zaidi.

"Haikukai hiyo," alisema Mzee Pruitt, fundi wa ngozi, bila kuinua macho kwenye kazi yake. "Hata ukishinda njaa mwezi mzima, bwana, haikukai."

"Mwenyewe aliisifu. Anasema anaivaa kutwa na haimuumizi."

Uongo mtupu. Mwenyewe Royce hakumjua, na hicho ndicho kilichomleta. Jumamosi alikuwa amevuta mashine ya kufulia ili azibe bomba lililovuja, akaiona imenasa ukutani: ala ya ngozi nyeusi, ya kuchomeka ndani ya suruali, imelainika kwa jasho la mtu. Alijaribu kuitia bastola yake, ikagoma kuingia. Nyumba ile ilikuwa na mwanamume mmoja tu, naye ni Royce. Sasa nani huyo aliyevua ala ndani ya nyumba ya watu, na aliivua ili afanye nini?

Mkewe, Deanna, Royce hakumuuliza. Angeanza kujiumauma, na Royce hakuwa na subira ya kusikiliza maneno ya kuumauma. Aliona muhuri wa fundi mgongoni mwa ala, akaendesha gari mpaka mji wa pili, ambako hakuna aliyemjua. Leo angempata huyo bwana, na leo hiyo hiyo wangemalizana. Bastola yake ilikuwa chini ya kiti cha gari, imejaa risasi.

Dalili zilikuwepo siku nyingi, alijilaumu tu kwa kutoziona. Zamani Deanna alikuwa akikaripiwa kidogo, machozi hayo. Siku hizi halii. Anamtazama tu, mkono kiunoni, kama mtu aliyepata mtetezi. Royce amemnyang'anya simu, amewapiga marufuku dada zake wasikanyage pale, kazini anampeleka na kumrudisha mwenyewe, na bado kiburi kinapanda. Halafu akiwa nyumbani havai ila mashati mapana kama magunia. Urembo, bila shaka, anamtunzia mwingine.

"Kazi yako ya kusimama au ya kukaa?" aliuliza Mzee Pruitt.

"Ya kukaa. Naendesha tingatinga."

"Basi mbele achana nako. Mtu wa kukaa tena mwenye kitambi, usinune, hata mimi ninacho, anavaa ubavuni, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga. Ukiivaa mbele, kabla ya saa ya kula utakuwa umeshaitupa kwenye matope."

Royce alicheka, ili aonekane mtu mwema. "Kumbe mwenye hii hana kitambi."

"Hana hata cha dawa."

Royce alimfikiria kocha wa mpira wa kikapu, pale shuleni Deanna anakopakua chakula. Tumbo la kocha lilikuwa bapa kama ubao.

"Nani huyo mteja wako?"

"Majina sitoi, bwana. Hapa mchungaji ananunua na shemasi wake hajui."

"Haya, usinipe jina. Niambie tu ulifanyaje mpaka yeye ikamkaa."

Hapo mzee aliguswa penyewe. Aliweka kazi chini, akaipokea ala, akaigeuzageuza kwa mapenzi.

"Hii ilinitesa. Nimeikata, nimeirudia, nimelaza ukingo, nimeongeza ngozi laini upande unaogusa mwili. Unajua watu wanataka nini? Wanataka ya kuendea dukani, kanisani, safarini. Wakifika nyumbani wanaivua, wanaitupa mezani. Huyu alitaka ya kutoivua. Akae nayo kwenye kochi, ainame nayo, alale nayo. Tena chini ya shati isijulikane, hata na mtu aliyemkaribia kabisa."

"Alale nayo," Royce alirudia taratibu. Aliliona kochi lake. Aliona kitanda chake, upande wake wa kitanda, na mto wake.

"Usiku kucha. Na juzi karudi mbio mbio na gari la kuazima, eti ile imempotea, nimfanyie nyingine upesi. Nimempa. Nilimwambia, mtu akitaka kitu kwa haraka namna hii, kuna jambo. Akalipa, akaondoka."

Kumbe huyo bwana alikuwa na wasiwasi! Royce alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mtu anamwibia mke, halafu anashindwa hata kulala bila bastola. Ni raha ya peke yake, kuogopwa hivyo na mtu usiyemjua. Aliegemea kaunta.

"Na huyo bwana wako, anamwogopa nani hivyo?"

"Bwana gani?" Mzee Pruitt alimkazia macho. "Si umesema mwenyewe mnajuana? Yule mama mwembamba. Nilimshauri nimtengenezee ya kutembea nayo mjini, ni nyepesi na bei yake nafuu, akakataa kata kata. Alisema akishatoka nje ya nyumba yake, hamwogopi mtu."