Jina la Kati la Tumaini

Jina la kwanza Mwadime alilitoa mwenyewe kabla ya kusafiri: mwanawe ataitwa Tumaini. La kati halikuwa lake kutoa. Katika ukoo wao jina hilo hutoka kwa waliokufa, na mtoto hujichagulia: majina hutajwa moja moja, na likitajwa lake, anashika ziwa.

Wakesho aliketi mkekani na mtoto kifuani, mama mkwe wake akataja.

"Tumaini Mghanga."

Wakesho akatabasamu, majina hayo yalivyopatana! Mtoto akageuza uso.

"Tumaini Mnjala."

Mtoto akazidi kulia. Wakatajwa marehemu wote, hata yule aliyefukuzwa kwa uchawi, na maziwa yakawa yanamchuruzika Wakesho bure.

Bibi akachoka. "Basi, mwanangu. Tumngoje Mwadime arudi, atajua la kufanya."

Kilio kikakatika papo hapo. Mtoto akashika ziwa, akanyonya kwa pupa, macho wazi.

Wakesho akacheka, "Hatimaye!" Kisha akamwona mama mkwe wake. Alikuwa akikifungua kilemba chake polepole, kama wafanyavyo wanawake msibani.

"Mama, ni njaa tu! Mwadime yu hai. Kesho anarudi."

Bibi akamalizia kukifungua kilemba.

Wakesho akatia kidole kinywani mwa mtoto ili amwachishe. Mtoto hakuachia. Alimkazia macho tu, kama mtu anayemjua tangu zamani, akaendelea kunyonya.