Mbabe wa Kila Hindi

"Mzee Anselm, sogea. Amri ya bomani: mahindi yenye viwavi yafyekwe yote."

Bwana shamba, kijana wa juzi, hakuniamkia hata shikamoo. Nyuma yake tarishi wa mtemi alishanyanyua panga. Mahindi yale marehemu mke wangu aliyapanda kwa mkono wake, na chakula kingine sina.

Nikavunja hindi, nikalimenya. Kwenye ncha, kiwavi mnene wa kijani alikuwa amemng'ata mdogo wake kiunoni, anamtafuna, maji yakimtoka. Chini yao punje zimejaa, nyeupe, hazijaguswa.

Nikamenya la pili, la tano, la kumi. Kila hindi mbabe mmoja tu, wenzake kawala!

"Tazama, bwana! Wanagombania ncha, wanamalizana wenyewe! Kata ncha tu, hindi lililobaki ni zima!"

"Amri haisemi ncha."

"Hao wakubwa wako wamewahi kumenya hindi?"

Tarishi akacheka. Akaja, akachungulia, akakata ncha kwa panga lake. Akang'ata hindi bichi, akatafuna taratibu, kisha akamnyooshea bwana shamba lililobaki.

"Onja."