Benchi la Waliolowa

Kichwa chini, kayaki juu yake kama kifuniko cha sufuria, ndani ya maji ya mto Soča yaliyokuwa theluji juzi tu, Vinko alikuwa anamlaumu mkuu wa hosteli. Kayaki nyembamba hizi nani alizinunua? Si huyohuyo Rutar, anayeshinda ofisini na hita miguuni?

Alichomoka, akaogelea hadi kwenye changarawe, akatema maji.

"Mzee Vinko, tena?" mwalimu Neža alimwuliza kutoka kwenye kayaki yake. "Maji yenyewe hapo yametulia kama maziwa kwenye bakuli!"

"Kamwulize mkuu wako."

"Mkuu ndiye aliyekupindua?"

"Ndiye aliyenunua kayaki."

Hajamaliza kukamua soksi, nyuma yake maji yakalia chubwi. Zofka, mwanafunzi mwenzake, naye alikuwa ameingia. Aliibuka nywele zimemfunika uso, anacheka, anamwita Bikira Maria na watakatifu wengine wa karibu. Vinko alijikuta anatabasamu, akakohoa kuficha.

Desturi ya watu wa mto huo haina mkubwa wala mdogo: ukipinduka ukaogelea, jioni unanywa bia kwa kiatu chako cha mpira, kilekile ulichotoka nacho mtoni. Na kwa kuwa Rutar alipiga marufuku pombe ndani ya hosteli yake ya vitanda vya ghorofa, hukumu ilitekelezwa nje, kwenye benchi lililo kando ya banda la kayaki. Waliorudi wakavu walikula ndani, karibu na jiko. Waliolowa walikaa nje mpaka kiatu kiishe.

Wiki nzima, waliokaa pale walikuwa wawili tu.

"Cha leo kina mchanga," Zofka alisema jioni hiyo, akichungulia kiatuni.

"Mchanga wa serikali huo. Kunywa, usipotee bure."

Zofka alicheka mpaka bia ikammwagikia mapajani. Tangu mke wa Vinko afariki, hakuna mtu aliyekuwa na hamu na manung'uniko yake. Wanawe walimkatia simu kila alipofika kwenye habari za waziri. Zofka yeye alisogea karibu, asikie vizuri.

Walijuana hapahapa majira ya baridi, katika kundi la wanaojifunza kuteleza kwenye theluji. Siku ya kupimwa, Zofka alifaulu, akapelekwa kileleni na wazoefu. Vinko alibaki bondeni na watoto wa shule, anakula supu ya maharage na kabichi chachu peke yake.

"Huko juu kulikuwaje?" aliwahi kumwuliza.

"Upepo," Zofka alijibu. "Upepo tu."

Na kesho ilikuwa siku ya kupimwa tena. Atakayelishuka korongo la mto bila kuogelea angeondoka Jumamosi na wazoefu kwenda hosteli ya Tolmin. Atakayeogelea angerudia wiki hapahapa. Vinko alimtazama Zofka akikung'uta kiatu, akapiga hesabu. Mwanamke huyu leo alikuwa amepinduka mara moja tu. Anaanza kujua!

Rutar alitokea mlangoni, miwani puani. "Nani anagusa kayaki bila ruhusa? Kila asubuhi nazikuta zimelowa."

"Paa linavuja!" Vinko alifoka. "Hela ya mabati mliipeleka wapi?"

"Mvua haijanyesha wiki nzima, mzee."

"Umande," Zofka alidakia haraka. "Umande wa huku ni mbaya sana."

"Umesikia?" Vinko alimwambia Rutar. "Hata umande umewashinda."

Ijumaa, Vinko alishuka wa kwanza. Hakufika hata mwamba wa pili. Alipinduka, akaogelea, akapanda juu ya jiwe, akakaa hapo anatetemeka huku akimtazama Zofka anavyokuja.

Zofka alipita mwamba wa kwanza. Akapita wa pili, mgongo umenyooka. Neža akaanza kumpigia makofi. Vinko alifumba macho. Alikuwa ameshaanza kumlaumu waziri wa michezo.

Chubwi!

Alipofumbua, Zofka alikuwa anaelea kuja kwake, kafi mkononi, kofia imekaa upande.

"Nilikuwa nimefika!" alilalamika. "Nimebakiza urefu wa pua tu!"

"Korongo lenyewe limechongwa ovyo," Vinko alimwambia, akimvuta mkono atoke majini. "Kazi za watu hawa unazijua. Twende tukanywe."

Neža aliwatazama wote wawili, akatikisa kichwa. "Haya, wiki nyingine. Ila nyie wazee mtaniotesha mvi."

Jioni hiyo walikunywa polepole kuliko siku zote.

Jumamosi asubuhi, wazoefu wakiwa bado wanafunga mizigo, Vinko aliteremka mtoni na kayaki begani. Alipokaribia daraja la kamba alisimama ghafla, akajibanza nyuma ya kichaka.

Katikati ya korongo alikuwa Zofka, peke yake. Alikuwa analishuka kinyumenyume, huku anaimba. Kwenye mwamba wa tatu alijitupa ubavu, akazama na kayaki yake, akaibuka upande wa pili angali amekaa ndani yake, akaendelea na wimbo pale alipoukatia.

Vinko hakumwita. Alingoja mpaka akapotelea kwenye njia ya hosteli, anachuruzika maji. Kisha akaiingiza kayaki yake mtoni, akalishuka korongo lilelile kinyumenyume, akajipindua kwenye mwamba uleule, akainuka, na kama alivyofanya kila asubuhi ya wiki hiyo, akageuka huku na huku kuhakikisha hakuna aliyemwona.