Diski ya Daktari Mbelwa

Daktari Mbelwa aliuza kompyuta kuukuu ya zahanati yake, akidhani amefuta kila kitu. Salome, fundi cherehani aliyeinunua, alimfuata kibarazani pa zahanati akiwa na nyundo pamoja na diski aliyoing'oa.

"Majibu ya wagonjwa wako bado yamo humu. Hata ya dada yangu."

"Nilifuta, mama."

"Ulifuta kama mtoto anavyofuta kamasi."

Daktari akanong'ona, "Nani mwingine ameona?"

Salome alimtazama kwa kinyaa. Mtu huyu hakuuliza hata hali ya dada. Akamsukumia nyundo. "Piga."

Daktari alikunja kwanza mikono ya koti lake jeupe, kisha akapiga kwa woga. Diski ikateleza sakafuni. Mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri matibabu, na aliyesikia yote, akaikanyaga kwa kandambili yake, wala hakuondoa mguu.