Mvua ya Kumzuia Mgeni

Bi Fumie aliinuka tena kuaga, na mvua ikazidi.

"Keti bwana," mume wangu akamwambia, akicheka. "Hii ni yarazu no ame, mvua ya kumzuia mgeni. Ukiondoka utaikosea adabu."

"Jamani, nilikuwa napita tu," akajibu, akaketi upesi kuliko alivyoinuka.

Awali, Bi Fumie alipobisha hodi, mume wangu alishangaa. Alishangaa mno.

Nikaenda kufunga madirisha. Chini ya paa, upande wa bustani, alining'inia mwanasesere wa kitambaa cheupe, yule ambaye watoto humtundika wakiomba jua. Sisi hatuna mtoto. Na huyu alitundikwa kichwa chini, kama afanyavyo mtu anayeitaka mvua.

Nikamshika. Kitambaa chenyewe kilikuwa leso ya mfukoni ya mume wangu, ile niliyoipiga pasi asubuhi, jua likiwaka.

Nikakata uzi. Nikapita jikoni, nikamlaza kwenye sinia, katikati ya vikombe vyao viwili vya chai, nikarudi sebuleni.

"Vipi, mvua itakatika?" mume wangu akauliza bila kugeuka.

"Hilo tukuulize wewe," nikasema, nikaliweka sinia mbele yake.