Hodi ya Bi Mashavu

Katika makao yale ya wazee wenye uwezo kila kitu kilikuwepo: kitanda cha kujiinua chenyewe, muuguzi wa kuitwa kwa kengele, bafu lisiloteleza. Bi Mashavu, aliyekwisha kuanguka mara mbili bafuni kwake bila mtu wa kumwinua, alivigusa kimoja kimoja. Kilichomkera ni yule binti wa makao aliyewatembeza yeye na mwanawe, kwa kufungua milango ya wazee bila kubisha.

“Hapa hampigi hodi?”

“Wengi hawasikii, bibi.”

“Nyumba isiyopigwa hodi ni kaburi hiyo.”

Sefu, mwanawe, akacheka. “Amua basi, mama. Siku moja nitakukuta sakafuni.”

Walipofika kwenye chumba ambacho angepewa, akawazuia mlangoni. Kwake, tangu afiwe na mume, alipiga hodi kila alipotoka sokoni, wala hakuna aliyemwitikia.

“Hodi.”

“Karibu,” ikajibu sauti ya kizee kutoka ndani.

Binti akausukuma mlango, uso umembadilika. “Hamna mtu humu, bibi. Aliyekuwemo tulimzika Ijumaa.”

Bi Mashavu akavua viatu, akaingia. “Sogea basi, shoga, nami nipate pa kukaa.”

Kabla hajakaa, Sefu akaliona shuka lililonyooshwa kitandani likibonyea upande wa ukutani.