Stoo Iliyogeuka Nyumba

Ayoo hakuwa na pete. Hakuwa na picha ya harusi, wala karatasi ya kanisa, wala mkwe aliyewahi kumtumia hata salamu. Mbele ya wageni hakuwa hata na jina, Masinde alimwita "huyu anayenitunzia stoo." Alichokuwa nacho ni vyumba viwili nyuma ya stoo hiyo ya unga, pale Kyebando, alimoishi na Masinde tangu vita vilipokwisha. Na sasa navyo vilikuwa vinauzwa.

"Jengo limepata mtu," Masinde alimwambia huku akila. "Mimi narudi Bungoma kwa mke wangu. Mwisho wa mwezi utoke."

"Niende wapi?"

"Kampala ni kubwa."

Mnunuzi alikuwa Haji Zubairi, mfanyabiashara wa Kalerwe. Alikuja na Yasiin, mwanasheria aliyeandika mkataba, wakaketi uani. Ayoo alikuwa kando, anafua.

"Jengo la biashara likiuzwa lina kodi ya ongezeko la thamani," Yasiin alisema. "Asilimia kumi na nane."

"Atalipa Haji," Masinde akadakia.

"Mimi?" Zubairi akacheka. "Tulipatana bei, tukashikana mikono. Mbona siku ile hiyo kodi hukuja nayo?"

Yasiin akatikisa kichwa. "Serikali inamdai muuzaji. Ungeiongeza juu ya bei tangu mwanzo, Haji angeibeba. Hukuitaja, basi inatoka ndani ya bei. Mfukoni mwako, mzee."

Masinde akauliza polepole, "Na ikiwa ni nyumba ya kuishi?"

"Hiyo haina kodi. Lakini hii ni stoo."

"Nani kasema? Kwani hawaishi watu humu?" Macho yake yakatua kwa Ayoo. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumtazama.

Wiki hiyo magunia yalitolewa yote. Kitanda kilihamishiwa chumba cha mbele, madirisha yakavikwa mapazia, mashati ya Masinde yakatundikwa mahali pa kuonekana. Jirani Aloyo akachungulia juu ya ua.

"Nyabo, mama wee, umeolewa? Mbona hukutualika?"

"Nimeolewa na kodi," Ayoo akajibu.

"Huyo mume mbaya, dada! Akishashiba, haoo!"

Ofisa wa kodi alipofika, Ayoo alimwandalia chai na kumwambia, "Karibu kwetu." Kesho yake yeye na Masinde walikwenda kwa Yasiin kuapa. Masinde alisoma kwa sauti kubwa kwamba jengo lile ni makazi ya familia, anamoishi na mke wake, Ayoo.

Mke. Neno hilo alikuwa amelisubiri ujana wake wote. Lilikuja nywele zikiwa zimeshaingia mvi, limepigwa muhuri, ili mwanamume asilipe kodi.

"Mama, umesikia alichoapa?" Yasiin akamwuliza. "Na ni kweli?"

"Nimesikia. Ni kweli."

"Mzee, nyumba ya familia nayo ina sheria zake..."

"Kodi imeondoka?" Masinde akamkata.

"Imeondoka."

"Basi, yamekwisha."

Njiani Masinde alikuwa akipiga mluzi. Ayoo akajikaza, akasema, "Hata chumba kimoja hutanipangia?"

"Nikupangie kwa nini? Wewe ni nani wangu?"

Walipofika Ayoo alianza kufunga sufuria na mashuka yake ndani ya gunia, akamwomba Aloyo amhifadhie godoro.

Siku ya kupokea fedha simu ya Masinde ililia asubuhi. Alisikiliza kidogo, akamsukumia Ayoo. "Ni Yasiin. Anataka barua kutoka kwako. Mambo ya mawakili tu hayo, mwandikie anachotaka, Haji ananisubiri."

Ayoo alisikiliza muda mrefu. "Ndiyo, wakili," alisema. "Nimeelewa. Lazima niandike mwenyewe? Haya."

Masinde alimletea karatasi, bahasha na kalamu, akatoka nje kumwita kijana wa bodaboda. Ayoo akasogeza gunia lake, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaandika akiwa ameweka karatasi juu ya goti. Hakukawia.

"Umemaliza?" Masinde akaita.

"Nimemaliza."

Aliandika kwamba yeye Ayoo, mke wa Masinde kwa kiapo cha Masinde mwenyewe, ameambiwa kuwa nyumba ya familia haiuzwi mpaka mke akubali, na kwamba yeye hakubali. Akalamba bahasha, akaifunga, na Masinde akampa yule kijana nauli maradufu ili aikimbize.